Kipimo cha Goti la Mama

Kaka yangu ni fundi magari, na ana ulimi mkali. Watu wakitaka kununua gari humwomba aende nao dukani, naye humchukua mama. Hafungui boneti kwanza. Humpandisha mama kiti cha nyuma na goti lake lisilokunjika, ndipo atoe hukumu. "Injini zote zinanguruma," husema. "Goti la mama halidanganyi."

Jumamosi moja tulikwenda na mwalimu, jirani yetu. Mumewe alianguka kwenye ngazi mwaka jana, mguu ukakakamaa kama wa mama, na mwalimu alitaka gari la kumpeleka mazoezini kila Alhamisi. Moyo wake ulikuwa kwenye lile gari dogo lililoinuka ambalo sasa kila familia inalitaka, toleo jipya, jekundu.

Nililidharau tangu mlangoni. Vitasa vimezama kwenye bati, havionekani. Kioo cha dashibodi kikubwa kama sinia, hata feni inawashwa humo. Muuzaji, tai shingoni na maneno mengi, alituambia paa limeshushwa nyuma ili gari lipendeze.

"Limependeza," kaka akasema. "Na watu wa nyuma mmewapeleka wapi?"

Mama akajaribu. Alipoingiza makalio, kichwa kiligonga paa. Alipoingiza kichwa, mguu ukabaki nje. Muuzaji alitaka kumshika, mama akamkata jicho. Kiti cha mbele nacho, goti lilikwama kwenye droo iliyotokeza chini ya kile kioo.

"Mwanangu," mama akasema, ameinama, "hili nitapanda nikishakufa. Hapo mtanilaza."

Nilicheka mpaka nikaona haya. Mwalimu hakucheka. Alikuwa anapapasa mlango.

Uani lilikuwepo toleo la zamani la gari lilelile, halijatumika bado ila limejaa vumbi, baya kama kabati. Mama alipanda na kushuka bila kushikwa.

"Mwalimu, chukua hili," kaka akasema.

"Watu watasema nimenunua lililopitwa na wakati. Na lile rangi yake nzuri, fundi."

Kaka akabenua midomo. "Basi nunua rangi."

Akanunua rangi. Wiki nzima mtaa ulipita kulitazama, na mimi nikawadharau wote, mmoja mmoja.

Alhamisi asubuhi mumewe alitokea karakanani kwetu kwa magongo yake, hatua kwa hatua, jasho linamtoka. Gari jekundu lilikuwa nyumbani kwao chini ya turubai. Mwalimu alimfuata nyuma, amebeba mkoba, macho chini.

"Fundi, samahani," mume akasema. "Unaweza kunisogeza mazoezini?"

Nilikuwa na neno tayari mdomoni, kali kweli. Kaka akanitazama, nikalimeza. Akafuta mikono, akafungua mlango wa gari lake kuukuu, akasogeza kiti nyuma mpaka mwisho.