Kilichokwama Kwenye Chujio

Watu wa gatini walimwita Bi Mota, na yeye alilipenda jina hilo kuliko lile alilopewa na wazazi wake. Alikuwa fundi wa injini kwenye boti ya kivita, mwanamke pekee aliyefanya kazi chini ya sitaha katika kikosi kizima cha mto. Mumewe alikuwa kinyozi, mtu mpole. Wateja walipomtania kwamba nyumbani kwake mke ndiye anayenuka dizeli, aliwajibu, "Afadhali wangu ananuka kazi."

Nchi yao ilikuwa ndogo. Jirani mkubwa alikaa upande wa juu wa mto, na tangu vita vya zamani wakubwa walikubaliana kwamba adui akija tena atakuja kwa maji, maana njia za milimani hazipitiki. Basi, badala ya vifaru na ndege, walijenga boti: fupi, pana, za chuma tupu, kila moja na mzinga mbele na bunduki ya rashasha nyuma. Bi Mota aliuamini mpango huo kwa moyo wake wote. Ndiye aliyemwombea shemeji yake, mdogo wa mumewe, nafasi ya kupiga mzinga kwenye boti hiyohiyo. Mama mkwe alimshukuru kwa machozi, kwa sababu kijana wake alikuwa hajawahi kudumu kwenye kazi yoyote.

Miaka ikapita, adui hakuonekana. Serikalini wakaanza kuuliza boti zinakula mafuta ya nini. Kikao kikaitishwa cha kuamua kama zijengwe nyingine, au hizi zilizopo zing'olewe mizinga zibebe mbao na mchanga. Kamanda wa boti akawa hakai wala hasimami. Akaanza kuamrisha doria kila kukicha.

Siku moja walipanda mto kukiwa na ukungu mzito. Bi Mota alikuwa chini, katika joto lake la kila siku, aliposikia mzinga ukilia juu ya kichwa chake. Ukalia tena, na tena. Rashasha ikaitikia. Alishika nguzo akajisemea, ndiyo leo. Hakuogopa. Hata alijivuna kidogo.

Kisha mshale wa joto la injini ukaanza kupanda. Injini ile ilipozwa kwa maji ya mto, na maji yalipita kwenye chujio ambalo mara nyingi huzibwa na majani. Akafunga koki, akafungua kifuniko, akatia mkono kama alivyozoea. Alichokivuta hakikuwa majani. Kilikuwa laini, cha uvuguvugu, kina nywele zilizogandana kwa damu. Akavuta tena, kikaja kipande cha ngozi na mafuta meupe yakining'inia.

"Mtu," alisema kwa sauti. "Tumesaga mtu."

Akatapika kwenye ndoo ya mafuta machafu, akapanda ngazi huku mkono ameunyoosha mbali na mwili wake kana kwamba si wake.

Mto ulikuwa umejaa ng'ombe. Wengine walielea matumbo juu, wengine walizunguka palepale wakijaribu kuogelea kwa miguu miwili. Katikati ya mto palikuwa na kisiwa cha mchanga walipolala mifugo, na asubuhi walivushwa kwenda malishoni. Kila mtu wa mto alilijua hilo. Ukingoni alisimama mwanamke mmoja, maji kiunoni, akiwaita ng'ombe wake kwa majina.

"Shemeji, umefanya nini?" Bi Mota aliuliza.

"Ukungu, shemeji. Niliona vichwa vinavuka."

"Na ulipoona pembe?"

Shemeji akamtazama kamanda. Kamanda hakugeuka. Alikuwa ameshika kipaza sauti cha redio ya mawasiliano, akizungumza na makao makuu kwa sauti tulivu kabisa: "Wavamizi wamejaribu kuvuka. Tumewarudisha. Kwetu hakuna aliyeumia."

Bi Mota alisimama pale, damu ikimtiririka hadi kwenye kiwiko, akisubiri mtu mmoja acheke, aseme ni utani.

Wiki ile mizoga ilikwama kwenye nguzo za gati, ikavimba, ikapasuka. Wanajeshi waliisukuma kwa miti ielekee chini, na chini ndiko mji ulikochota maji. Kila kona ilinuka. Na katikati ya uvundo huo watu walipongezana kwa ushindi! Nyumbani mama mkwe alipiga vigelegele na kumwita mwanawe simba. Shemeji alikula nyama sahani ya pili, midomo inang'aa, akisimulia jinsi adui alivyopiga kelele.

"Walilia vipi?" Bi Mota alimkatiza. "Hebu tuigizie."

"Shemeji, usianze."

"Lia kama walivyolia, mama asikie."

"Mwenzako ametuokoa," mama mkwe akafoka, "wewe unamwonea wivu!"

Kinyozi aliinamia sahani yake, kimya. Kimya hicho kilimtia Bi Mota kinyaa kuliko ile sahani ya nyama. Alinyanyuka akaenda kunawa, ingawa alikuwa hajala kitu.

Siku ya nishani gati lilisuguliwa na kupuliziwa manukato. Kamanda alivishwa ya kwanza, shemeji ya pili. Zamu ya Bi Mota ilipofika, mtangazaji wa redio alimsogezea kipaza sauti na kumwomba awaambie wananchi alivyojisikia vitani.

"Nilitapika," alisema. "Tuliwapiga ng'ombe. Ng'ombe wa watu, wanakwenda kula majani. Nywele zao nimezitoa kwenye chujio kwa mkono huu."

Matangazo yakakatwa, ukapigwa muziki. Kamanda akatabasamu mbele ya wageni, akisema fundi wake amechanganyikiwa kwa mshtuko wa vita. Hawakumfunga, maana kesi ingelazimu mashahidi. Walimpa cheti cha ugonjwa wa akili na kumtoa kikosini. Usiku huohuo kinyozi alimwambia mama yake kwamba mdogo wake asikanyage tena pale nyumbani, na mama mkwe akafungasha nguo zake akamfuata simba wake.

Boti nyingine zilijengwa. Mwenye ng'ombe alihama kisiwa, na Bi Mota, aliyekuwa sasa akitengeneza mashine za kusaga nafaka, hakujua alikoelekea.

Miaka michache baadaye binti yake alirudi kutoka shule akamwambia, "Mama, leo tumesoma vita vya mtoni. Kesho tuna mtihani."

"Wakiuliza, andika walivyokufundisha, upate vema zako," Bi Mota alimwambia. "Lakini wewe ujue walikuwa ng'ombe."

Mtoto akafikiri. "Wa rangi gani?"

Hakuna mtu aliyewahi kumuuliza hivyo. Bi Mota aliweka spana chini.

"Weusi wengi," alisema. "Mmoja alikuwa mwekundu, ana baka jeupe usoni. Huyo alikuwa bado anapumua tulipogeuza boti."