Tundu Lililozibwa kwa Sabuni

BUKAVU. Delphin Cirhuza anachota unga wa muhogo kwa ncha za vidole na kuupaka chini ya kabureta ya trekta. Anaupaka taratibu, kama mzazi anayempaka mtoto poda. Kabureta imekwisha kusafishwa na kufutwa hadi ikakauka, na sasa upande wake wote wa chini ni mweupe.

"Fungula," anasema.

Shemeji yake Élie, dereva wa trekta hiyo, anafungua koki ya petroli. Wanaume hao wawili wanachuchumaa, mikono magotini, na kuutazama unga.

Ni Alhamisi asubuhi, katika garaji ya Delphin mtaani Panzi, kusini mwa Bukavu. Nje ya lango, mama anayechoma mahindi ameombwa aisogeze mbabula, jiko lake la makaa, ng'ambo ya barabara. Petroli ikiwa wazi, Delphin hataki kuona hata kaa moja la moto karibu. Mama huyo amehama akinung'unika. Si mara yake ya kwanza kuhamishwa.

"Essence inakauka mbiyo," Delphin anaeleza kuhusu petroli. "Ukiangalia na macho tu, utaona pahali pote palilowana, hautajua ilianzia wapi. Unga unakuonyesha pahali ya kwanza."

Mke wake, Ghislaine, hudai kwamba bugali ya nyumbani imekuwa ndogo tangu mumewe agundue njia hiyo.

Trekta ni mali ya chama cha akina mama wakulima wa Mumosho. Ni ndogo na ya zamani. Rangi yake nyekundu imebaki kwenye vifuniko vya magurudumu peke yake. Akina mama waliinunua kama chuma chakavu kutoka shamba la zamani la miti ya kwinini, na Delphin ndiye aliyeifufua. Inatumia petroli badala ya dizeli, ndiyo maana ina kabureta.

Mvua za Septemba zimeanza kugusa vilima. Mbegu za mahindi na soya ziko tayari. Trekta hulima shamba la pamoja, lililo bondeni, kwa siku mbili. Kwa jembe, kazi hiyo huchukua karibu wiki tatu, na mbegu za mwisho huingia ardhini zikiwa zimechelewa. Asubuhi hii chama kizima kinasubiri jibu moja: trekta italima kesho, au kila mmoja achukue jembe lake?

Mwenyekiti wa chama, maman Adolphine, amepanda kutoka Mumosho kulifuata jibu hilo yeye mwenyewe. Ameketi juu ya tairi kuukuu, mkoba mapajani.

"Delphin, mimi sina haraka," anasema. "Ni mvua njo iko na haraka."

"Ninaisikia, Maman Présidente."

Unga unabadilika. Doa la kijivu, dogo kama punje ya ulezi, linajitokeza chini ya kiwiko cha bomba la kuingizia hewa. Linapanuka. Kisha tone linaning'inia na kuanguka. Kwingine kote unga umebaki mkavu.

Delphin anafunga koki. Anachukua kifuniko cha kopo kilichokuwa juu ya benchi. Ndani yake kuna kidonge cha sabuni ya kufulia, alichokikwangua kwenye kabureta wakati wa kuisafisha.

"Shemeki, hii ni ya nani?"

Élie anakitazama kidonge, kisha anatazama barabarani.

"Ni yangu. Tangi ikitoboka, si tunapaka sabuni? Kabureta ilikuwa inatonya. Nikaona tundu, nikaziba. Ikaacha kutonya."

"Iliacha kutonya inje," Delphin anamjibu. "Ikaanza kutonyea mu ndani."

Maman Adolphine anacheka hadi mkoba unateleza.

Sabuni ni dawa ya miaka mingi kwa madereva wa Kivu, na kwenye tangi hufanya kazi vizuri, kwa kuwa petroli haiiyeyushi. Lakini tundu lililo chini ya kabureta, pale kwenye kiwiko, liliwekwa makusudi na watengenezaji. Petroli ikizidi ndani, hutokea hapo na kudondoka ardhini. Élie alipoliziba, petroli ilijikusanya kwenye kiwiko, ikavutwa ndani ya injini, na sehemu yake ikateremka hadi kwenye oili. Ndiyo maana trekta ilipanda kilima cha Panzi jana ikikohoa na kutoa moshi mweusi.

"Hii tundu haiko kidonda," Delphin anasema. "Ni mudomo. Inakuambia mulango wa essence kule juu haufunge."

Kabla ya kugusa chochote kingine, asubuhi alikuwa amechomoa kijiti cha kupimia oili na kukinusa. Sasa anakichomoa tena na kumpa shemeji yake.

"Nusa. Hii ni oili ama ni chai?"

Élie ananusa. Oili ni nyepesi, na inanuka petroli. Maman Adolphine hacheki tena. Oili ya namna hiyo haiwezi kulinda vyuma vinavyosuguana.

"Ungelima nayo leo," Delphin anasema kwa upole, "kesho ungeniletea chuma, siyo trekta."

Hapo ndipo maman Adolphine anapouliza swali lililomleta. "Basi niambie bamama batafute majembe?"

"Hapana, mama. Unipe mpaka saa sita. Kwanza tujue ni sababu gani mulango haufunge."

Delphin, mwenye umri wa miaka arobaini na saba, hakuanza maisha akiwa fundi. Akiwa kijana alikwenda Mwenga kuchimba dhahabu. Anakiri kwamba dhahabu na yeye hawakuwahi kuelewana. Lakini pampu za petroli zilizovuta maji mashimoni zilikuwa zikizimika kila mara, na pampu ikizimika, kazi yote husimama.

"Nilikuwa nachimba vibaya sana," anasema huku akifungua skrubu za kabureta. "Lakini motopompe ikikufa, bote banaita jina yangu. Nikaona Mungu ananiambia kitu."

Alirudi Bukavu akiwa na mfuko wa spana, akamwoa Ghislaine, akapanga kiwanja hiki. Leo anatengeneza pikipiki, jenereta na vinu vya kusagia unga. Mapato yake hayatabiriki.

"Siku ingine ninarudia na dola kumi," anasema. "Siku ingine ninarudia na harufu ya essence tu, na bibi ananiambia nilale mbali. Lakini watoto banasoma, na nyumba haivuji. Mimi niko muzuri."

Bakuli la kabureta limefunguka. Ndani yake mna kiboya cha shaba kinachoelea juu ya petroli. Petroli ikipanda, kiboya huinuka na kusukuma sindano ndogo inayofunga njia. Kiboya kikitoboka, huzama, na njia hubaki wazi.

Delphin anakitikisa karibu na sikio. Hasikii petroli ikicheza ndani. Bado haridhiki. Anaomba maji ya moto kwa muuza chai wa jirani, anakididimiza kiboya na kusubiri. Kama kuna ufa, hewa iliyopata joto itatoka kwa mapovu. Povu halitokei.

"Huyu hana makosa," anasema, na kukiweka juu ya kitambaa safi.

Kinachobaki ni sindano. Anaichomoa kwa koleo, anaigeuza kwenye mwanga, kisha anaita, "Maman Présidente, kuya uone."

Kwenye ncha ya sindano, mahali inapokalia njia ya petroli, umejiviringa uzi. Ni mwembamba kama unywele. Ni wa zambarau.

Maman Adolphine anausogelea. Anautazama uzi, kisha anajitazama. Kitenge alichojifunga ni cha zambarau. Ni kitenge walichoshonesha wanachama wote kwa sikukuu ya wanawake ya tarehe nane Machi.

"Élie," anasema polepole, "unachujaka essence na nini?"

"Na kile kipande cha kikwembe, mama. Si ni weye ulinipa? Ulisema bidon za bakadafi ziko na uchafu."

Kadafi ni jina wanaloitwa wauzaji wa petroli wa barabarani, wanaoipima kwa chupa na madumu. Maman Adolphine alikuwa sahihi kuhusu uchafu wao. Alimpa dereva kipande cha kitenge kilichobaki kwa fundi cherehani, ambacho hakijapindwa ukingo. Kila petroli ilipochujwa, ukingo ule uliachia nyuzi.

"Kumbe ni huit mars njo ilitufunga," anasema mwenyekiti, akikishika kitenge chake cha sikukuu, na sasa hata Élie anapata ruhusa ya kucheka.

"Ninyi bawili munaipenda sana hii trekta," Delphin anasema. "Mumoja anaivalisha kikwembe, mwingine anaiogesha na sabuni."

Anasafisha sindano na kiti chake, anapuliza njia zote, anarudisha bakuli kwa gasketi mpya aliyoikata mwenyewe. Tundu la chini analisafisha kwa waya na kuliacha wazi. Kisha anamwaga oili yote iliyoharibika na kuweka mpya. Mwisho anarudia kwenye unga: anafuta, anakausha, anapaka, anafungua koki. Safari hii anawapeleka wageni wake kunywa chai.

Wanaporudi, unga bado ni mweupe kila mahali. Élie anawasha. Injini inashtuka mara moja, kisha inatulia na kunguruma kwa sauti ya mfululizo, bila moshi mweusi. Ng'ambo ya barabara, mama wa mahindi anapiga makofi, kwa kuwa sasa anaweza kurudi mahali pake.

Maman Adolphine tayari yuko kwenye simu. "Muache majembe," anamwambia mtu wa Mumosho. "Iko inakuya."

Delphin anampa Élie faneli yenye wavu mwembamba wa shaba aliyoiunda mwenyewe. Anapanga kutengeneza nyingine kwa wenye vinu na pampu wa upande wa Mumosho. Lakini tamanio lake la karibu ni jingine. Siku za kulima humkuta garajini, kwa hiyo trekta aliyoifufua hajawahi kuiona shambani.

"Namna inakohoa, ninajua," anasema. "Namna inalima, sijaonaka. Siku ya posho nitafunga garaji, niende kuiona."

"Kuya," maman Adolphine anamjibu. "Lakini kuko kona zenye trekta haifikie."

Ghislaine, ambaye naye ni mwanachama, alikwisha kulifikiria hilo. Jumamosi itakapofika, jembe la mumewe litakuwa linamsubiri mlangoni, limenolewa.