Ng'ombe wa Baba na Shangazi

Baba yangu, Gakwaya, anapiga msasa vitanda na makabati kule kwa maseremala wa Gisozi. Ni kiziwi tangu kuzaliwa. Mashine za pale zinalia mpaka watu wanapigiana kelele sikioni, yeye peke yake anafanya kazi kwa amani. Shule hakwenda. Ishara wanazofundishwa vijana viziwi siku hizi hazijui, na wao zake hawazijui. Zake alizitunga na dada yake, Shangazi Mukamana, naye kiziwi, walipokuwa watoto wanachunga. Mtu wa tatu hakuwepo.

Mimi najua zile za nyumbani tu: njoo, kula, mvua, mtoto ana homa. Hadithi zao sizijui, kwa sababu zilitaka watu wawili. Baba ananyanyua mikono inakuwa pembe, Shangazi anashusha yake inakuwa miguu, na ng'ombe huyo anatembea. Akifika mtoni, mikono ya Shangazi inageuka maji, na Baba anahangaika na pembe zake mpaka wote wawili wanacheka machozi. Ukimwomba Baba akusimulie peke yake, anainua pembe, anageuka pembeni kumtafuta mwenye miguu, basi.

Mwaka juzi akaja dada mmoja anaitwa Shallon, aliyekulia Uganda, na kijana wa kamera, Ntare. Walikuwa wanakusanya mambo ya kale ya watu ambao redio na vitabu havijawahi kuwauliza kitu, wayaweke kwenye intaneti kila mtu ayaone bure. Pesa zilitoka ng'ambo.

"Mama Kenny," Shallon aliniambia, "huyu mwanao hata akizeeka atafungua simu amwone bibi yake."

Nilimpenda kwa neno hilo. Nilimtumia Shangazi nauli akaja kutoka Nyamata, ameshaanza kukonda. Tulitundika kitenge ukutani, yeye na Baba wakakaa kwenye benchi uani, wakasimulia siku nzima. Nilitafsiri nilichoweza huku nanyonyesha. Pengine walicheka na hakuna kati yetu aliyejua wanacheka nini. "Usijali," Shallon alisema, "tutakaa nao tena, tutaandika maana yake polepole."

Kazini kwa Baba, Sangwa, fundi wa kuchomelea vyuma, aliponiona nimeleta chakula alipiga kelele: "Eeh, binti wa staa! Mwambie huyu mzee asitusahau akienda Ulaya!" Nilimpelekea Baba maneno hayo kwa mikono kama nilivyoweza. Alipangusa vumbi la mbao, akamgusa Sangwa tumbo lake kubwa, akaonyesha mtu aliyekwama kwenye mlango wa ndege. Walicheka wote, hata Sangwa.

Shangazi alikufa mwaka jana. Kwenye mazishi watu walinong'ona kwamba Baba hajalia. Mimi nilikuwa karibu naye nikaona ameingiza mikono yote miwili kwenye mifuko ya koti, na hakuitoa mpaka tunarudi nyumbani.

Matanga yalipokwisha akaja kwangu. Akagusa unyusi wake, mahali Shangazi alipokuwa na kovu; hiyo ndiyo ishara ya jina la dada yake. Halafu akaonyesha simu yangu.

Niliitafuta ile video kwenye intaneti nikaipata. Ilikuwa fupi. Sura ya Shangazi imejaa kioo chote, anacheka, puani ana jasho. Kisha sura ya Baba. Kisha Shangazi tena, bega linapanda na kushuka. Mikono haionekani. Ilikuwa chini huko, nje ya picha.

Nikampigia Shallon.

"Dada, hii imekatwa. Nzima iko wapi?"

"Zile ndefu hazipo tena, Mama Kenny."

"Hazipo vipi? Si mlisema zitakaa kwenye intaneti?"

"Mahali pa kuzihifadhi tulikuwa tunalipia kila mwezi. Wafadhili walitupa mwaka mmoja. Tukaomba waongeze, wakasema sasa wanasaidia mambo mengine. Tuliposhindwa kulipa, zikafutwa. Zimebaki hizi tulizokata zienee kwenye simu. Wafadhili walipenda sana nyuso."

"Na mikono je?"

"Tukipata pesa tutarudi tumrekodi mzee upya. Mzee si yupo?"

"Yupo. Tumemzika Shangazi."

"Yooo. Pole, dada. Pole sana." Nikasikia anavuta kamasi. "Hata mimi niko nyumbani tu, kazi iliisha na mradi." Sikuwa na la kumlaumu.

Baba alikuwa ananitazama mdomo. Nilifungua mikono yangu nimwambie, nikakuta sina pa kuanzia. Za nyumbani hazina ishara ya kitu kilichofutwa, na aliyekuwa anaweza kutunga naye mpya hayupo. Nikaifungua tena video, nikampa simu.

Aliiweka magotini. Shangazi akatokea anacheka. Baba akaisogeza simu, akachungulia ukingo wa chini kama mtu anayechungulia chini ya mlango. Halafu akaweka kidole juu ya kidevu cha dada yake akaisukuma picha juu, ili mikono ipande ionekane. Picha ikaruka, ikaja video nyingine, msichana anauza mafuta ya nywele. Nikamrudishia Shangazi. Akasukuma tena, taratibu zaidi.