Jina la Baba Mkwe

Mwanangu amerithi jina la marehemu baba mkwe wangu, jina fupi la silabi mbili lililojaa kila mtaa wa Ujiji. Watu wa pwani walilileta zamani, Waha wakalipa lafudhi yao, vijana wamelirefusha wanavyotaka. Ila mkamwana halitamki jina la baba mkwe, na mama mkwe naye hakuwahi kulitamka, maana ni la mumewe. Sisi wawili humwita mtoto Babu.

Siku moja tulikuwa tunafua ziwani, mtoto akielea na dumu tupu karibu yetu. Upepo ukamsukuma kuelekea kilindini, naye anacheka tu. Niliita Babu, Babu, wala hakugeuka, kwa kuwa kila bibi pale ufukweni ana Babu wake. Niliingia majini hadi kifuani, kuogelea sijui, na jina lenyewe limenikwama kooni.

Mama mkwe akalitamka jina la mumewe kwa kelele. Wavulana kadhaa waligeuka pamoja, wangu akiwemo, akaanza kupiga miguu kurudi.

Nilipomkumbatia, mama mkwe alinikazia macho.

"Wewe ulikuwa unasubiri nini?"