Vidomo Viwili Ndani ya Sweta

Kila asubuhi, kabla kengele ya mstarini haijagongwa, Anande alifungua kabati la klabu, akachukua vidomo viwili vya tarumbeta na kuviingiza ndani ya sweta lake, kimoja kwapa la kulia, kimoja la kushoto, kisha akajibana mikono kama mtu mwenye homa. Kidomo ni kile kipande kidogo cha shaba anachopulizia mpiga tarumbeta. Ukikitia mdomoni asubuhi ya mwezi wa saba kule juu ya Maji ya Chai, ukungu wa Mlima Meru ukiwa bado umelalia migomba, midomo inakufa ganzi. Kidomo cha kulia kilikuwa chake mwenyewe. Cha kushoto kilikuwa cha Reginald.

Reginald hakuwahi kumwomba. Ilianza tu walipokuwa kidato cha pili, siku mdomo wake ulipopasuka kwa baridi akipiga wimbo wa taifa, damu ikamchuruzika kidevuni mbele ya shule nzima. Kesho yake Anande akampelekea kidomo kikiwa na moto. Reginald akakijaribu, akamgeukia.

"Eh. Hiki leo kimelala wapi?"

Anande akacheka, akatazama chini. Tangu hapo ikawa desturi, na wala hawakuizungumzia tena. Yeye alitosheka hivyo. Kwamba kitu kilichokuwa kifuani kwake kilikwenda moja kwa moja mdomoni kwa Reginald, hilo alilijua yeye na Mungu wake, na lilimtosha siku nzima, hata kwenye kipindi cha hesabu.

Kwao walikuwa wakulima wa kahawa na ndizi, watu wa kanisani, wasiopenda mambo mengi. Alipokuwa mdogo alichapwa na bibi yake kwa kupiga mluzi, maana kwa Wameru msichana hapigi mluzi. Akawa anapigia kule kwenye mbuzi, peke yake. Midomo ile iliyochapwa ndiyo iliyomwingiza klabuni. Mwalimu Elirehema, mlezi wa klabu, alimpa tarumbeta kuukuu lililobaki tangu enzi za wamisionari, limepondeka ubavuni, akasema, "Puliza." Anande akapuliza, na sauti ikatoka siku hiyohiyo. Wavulana walioanza naye walikuwa wameshinda wiki wakitoa mlio wa ndama.

Klabu ya matarumbeta ndiyo iliyokuwa fahari ya shule. Kila mwaka shule za kanisa zilishindana, na wimbo ulioamua mshindi ulikuwa wimbo wa mwangwi. Mpigaji mmoja anasimama mbele ya wenzake na kuita. Mwingine anasimama mbali, nyuma ya nyumba au kwenye miti, haonekani, naye anaitikia kama vile mlima ndio unaojibu. Kwa Mwalimu Elirehema palikuwa na sheria moja isiyovunjwa: anayeita ndiye anayechagua wa kumwitikia. Wanaotaka kuitikia wanajificha nyuma ya jiko, wanapiga mmoja baada ya mwingine, na mwitaji anachagua kwa sikio.

Mwaka ule mwitaji alikuwa Reginald. Anande alikuwa akijifunza kuitikia tangu kidato cha kwanza. Asingeweza kumwambia mvulana neno la mapenzi hata kwa kuchomwa moto. Ila kusimama kule mbali, yeye anaita na wewe unamjibu, watu wote wanasikia na hakuna anayeelewa, hilo angeliweza. Ndilo alilolitaka, na hakutaka jingine.

Halafu akaja Agnela.

Zilikuwa siku zile za ruksa, biashara zimeachiwa huru, maduka yanafunguliwa kila kona. Baba yake Agnela, Mchaga wa Machame, alikuwa na duka kubwa la vifaa vya ujenzi pale Elerai na lori la kwenda Namanga na kurudi. Agnela alishushwa shuleni na pikapu, ana sanduku jipya, ndala za kigeni, na mkononi tarumbeta lake mwenyewe, limenunuliwa Nairobi, linang'aa mpaka ukijiangalia unaona meno yako.

"Hilo ni la kupiga au la kujipodoa?" aliuliza Lemburis, mpiga ngoma kubwa, mtoto wa Oldonyo Sambu asiyejua kunyamaza.

"Vyote viwili, kaka," Agnela akamjibu, na klabu nzima ikacheka. Reginald ndiye aliyecheka zaidi.

Anande alikiona kicheko kile. Akaona na mengine. Aliona Reginald anahamisha kiti ili mgeni akae karibu na dirisha. Aliona kwamba Agnela alimwita Regi siku ya tatu tu, wakati yeye Anande hakuwahi kumwita hata kwa jina lake zima bila kutazama chini. Aliona Reginald analishika lile tarumbeta jipya, anabonyeza vitufe vyake polepole kama anayepapasa manyoya ya kifaranga. Usiku bwenini alinusa mafuta ya Agnela ya kujipaka, yananukia maua, akageukia ukutani. Ubaya ni kwamba yule msichana hakuwa na ubaya wowote. Aligawa biskuti. Alimwita "dada Anande" kwa sababu alikuwa kidato cha chini. Mtu wa namna hiyo unamchukia kwa shida, na Anande alijitahidi.

"We Anande," Lemburis alimnong'oneza siku moja kwenye mazoezi, "unasoma nota au unasoma mtu?"

"Piga ngoma yako."

"Ninapiga. Ila naona hizo nota zako zimevaa sketi."

Siku ya kuchagua ikafika. Wakajificha nyuma ya jiko, Anande na Agnela, wengine wote walikuwa wamejitoa. Mpishi akawasogezea masufuria. Upande wa pili Reginald akaita, sauti ikapanda, ikapita juu ya paa. Anande akaitikia wa kwanza. Hakuwahi kupiga vile maishani mwake. Alipomaliza mpishi alikuwa ameacha mwiko kwenye makande anamtazama. Kisha akaitikia Agnela, safi, laini, bila kovu.

Halafu wakamsikia Reginald akisema na Mwalimu, na kwa kuwa jiko halikuwa na ukuta kamili, Anande alisikia kila neno.

"Wa kwanza ni Anande. Yule namjua hata nikiwa usingizini."

Moyo wa Anande ukaruka.

"Kwa hiyo?" Mwalimu akauliza.

"Nachukua wa pili."

Laiti angekosea. Laiti asingemtambua, Anande angejiambia ni bahati mbaya, sikio limemdanganya. Lakini alimjua, akamtaja kwa jina, akamwacha. Anande alisimama pale na tarumbeta lake lililopondeka, na Agnela akamshika mkono, akasema, "Pole dada, wewe umepiga vizuri kuliko mimi." Alisema kweli kabisa. Hiyo ndiyo iliyouma.

Asubuhi iliyofuata Anande alifungua kabati, akasimama. Mkono ukaenda kwenye kidomo cha Reginald, ukarudi, ukaenda tena. Akakitia kwapani. Alijiona mjinga, lakini kama angekiacha, kilichobaki kingekuwa nini?

Mashindano yalikuwa Oldonyo Sambu, upande ule wa kaskazini ambako Meru inakuonyesha mgongo na upepo hauna pa kuzuiliwa. Kwenye lori Lemburis alijigamba njia nzima. "Mnakwenda kwetu leo. Kule baridi siyo hii yenu ya kubembelezana. Baba yangu alikuwa mpiga tarumbeta. Alikuwa analifunga kwenye shuka mpaka dakika ya kupiga. Shaba ikipigwa na upepo sauti inashuka, inakuwa kama mtu amefiwa."

"Na wewe ulifungwa shuka gani?" mtu akauliza, wakacheka, wakaanza kuimba. Agnela na Reginald walikuwa nyuma kabisa, wanagawana karanga kwenye karatasi moja. Hawakusikia. Anande alisikia.

Walipofika, vumbi na baridi vikawapokea pamoja. Anande akavua kitenge alichojitanda, akalifunga tarumbeta zima la Reginald ndani yake, akalikumbatia. Reginald alikuwa anazungukazunguka kwa wasiwasi, akamwachia bila hata kutazama, kama unavyomwachia mama yako koti.

Agnela akaja. Lake alikuwa amelishika wazi mkononi, amelisugua mpaka linawaka. Ndiye aliyetakiwa kwenda kusimama mbali, nyuma ya tangi la maji, na kungoja huko mpaka aitwe.

"Dada Anande," akauliza, "mbona umelifunika?"

Palikuwa na jibu, na lilikuwa tayari mdomoni. Anande alimtazama. Shingoni Agnela alikuwa amejifunga skafu ya Reginald, ile ya bluu aliyofumiwa na mama yake.

"Vumbi," alisema Anande.

"Aa. Mimi langu nitalifuta." Akaenda zake, upepo unapeperusha ncha za skafu.

Klabu ikapiga nyimbo mbili za mwanzo, Reginald akingoja zamu yake pembeni na Anande akiwa bado amelikumbatia tarumbeta lake, watu wakapiga makofi. Agnela alikuwa bado kule nyuma ya tangi, anangoja. Kisha ukafika wimbo wa mwangwi. Anande akafungua kitenge, akamkabidhi Reginald tarumbeta likiwa na joto la mwili wake. Reginald akaita. Sauti ikatoka ya juu, imenyooka, mzee mmoja wa kanisa akafumba macho. Na kutoka nyuma ya tangi Agnela akajibu, na jibu lilikuwa chini. Siyo chini sana. Chini kidogo tu, kama mlango usiofunga vizuri, lakini watu wale wamezaliwa na tarumbeta masikioni, na wote wakajua. Reginald akaita tena. Likaja jibu, chini zaidi. Mtoto mmoja akacheka. Mwalimu Elirehema aliweka mkono usoni akabaki hivyo.

Anande, aliyekuwa amerudi kwenye safu ya sauti ya pili, alisikia furaha ikimpanda tumboni kama maziwa yanayotaka kumwagika. Ikadumu mpaka wimbo ulipokwisha. Agnela akatokea nyuma ya tangi, midomo imekuwa ya kijivu, na Reginald akaacha safu, akamkimbilia mbele ya shule zote, akamvulia koti lake. Furaha ya Anande ikaishia hapo.

Hawakupata nafasi yoyote. Kombe lilichukuliwa na shule ya Oldonyo Sambu wenyewe, ambao kila mmoja wao, sasa waliona, alikuwa amefunga tarumbeta lake kwenye shuka.

"Si nilisema," Lemburis alisema kwenye lori, na safari hii hakucheka mtu.

Mwalimu akawaeleza. Reginald alikuwa moto, Agnela alikuwa baridi, shaba mbili za namna hiyo haziwezi kukaa pamoja. Kosa lake mwenyewe, akasema, yeye ni mtu mzima na hakufikiri. Agnela aliinua uso akamtazama Anande kwa muda mrefu. Anande akangoja aseme lile neno, vumbi, mbele ya wote. Karibu alitamani aseme. Agnela akajifunika uso na skafu.

Jumatatu walikutana chumba cha klabu baada ya masomo. Mlima ulikuwa wazi, jua linawaka. Anande alikuwa amekaa mahali pake, vidomo viwili vimo ndani ya sweta, kwa mazoea tu. Reginald akamjia, na kwa mara ya kwanza tangu kidato cha pili akaitaja ile desturi kwa mdomo wake. Alikuwa na uso wa mtu aliyepata wazo zuri.

"Anande, nimefikiri sana. Sisi tumeshindwa kwa sababu moja tu. Wewe unanipashia mimi, na Agnela hana mtu."

"Ndiyo."

"Basi mwakani tutawafunga. Uwe unampashia na yeye. Kila asubuhi, vyote pamoja. Wewe dada yangu unaiweza hii kazi, sisi wengine hatuna subira."

Kule dirishani Agnela alisema upesi, "Mwache, Regi. Nitapasha mwenyewe."

"Hapana, Anande hana neno. Au siyo, dada?"

Alisema hivyo kwa upendo. Mtu angeweza kuuona ule upendo, mwingi, wa bure, wa aina ambayo mtu anawapa ndugu zake wote. Anande aliuangalia wote mpaka mwisho wake, asione ndani yake kile alichokuwa akikitafuta.

Akaingiza mkono ndani ya sweta. Akatoa kidomo cha kushoto, akakiweka mezani mbele ya Reginald. Akatoa na cha kulia, akakiweka kando yake.

"Bado vina moto," alisema. "Kimoja mpe yeye."

"Sasa wewe utapigia nini?"

Anande alichukua kitenge chake kwenye msumari, akatoka. Lemburis, aliyekuwa mlangoni na ngoma yake, akafungua mdomo kusema utani, akauangalia uso wa Anande, akampisha.

Alipita jikoni, mpishi akamsalimu, akaitika. Akashika njia ya kuteremka kwenye migomba. Alikuwa amefika kwenye mfereji aliposikia Reginald akiita, wito uleule wa mwangwi, ukapita juu ya paa na juu ya kichwa chake. Midomo ya Anande ikajikunja yenyewe, tayari kujibu. Akaibana kwa meno.

Kidogo tu, na Agnela akaitikia. Safari hii sauti mbili zilikaa sawasawa, moja juu ya nyingine, wala hapakuwa na nafasi katikati ya kupitisha hata uzi.

Anande akaruka mfereji, mikono imefungwa kifuani kwa mazoea na makwapa yake matupu, akaendelea kuteremka. Klabuni hakuonekana tena.