Diski Niliyoiita Tupu

Hapa Kasese fundi wa kompyuta hasemi "sijui". Ukisema hivyo, mteja anafunga mashine yake kwenye boda na kuipeleka mlango wa pili. Fundi wa huko naye hajui, ila atasema kitu. Basi sote tunasema kitu. Mimi nilizoea kusema, "Hii imekufa," kwa sauti nzito kama daktari, na watu wananishukuru. Upuuzi mtupu, lakini ndivyo nilivyokula.

Siku moja aliniita mjane mmoja wa Bwera, Hajati anayeuza vitenge karibu na mpaka wa Kongo. Marehemu mumewe alikuwa mpiga video za harusi. Alipougua kifua, akiwa hawezi tena kutoka nyumbani, alimwambia binti yao wa pekee kwamba amejirekodi na kumwekea kwenye kompyuta maneno ya siku ya ndoa yake. Sasa binti alikuwa anaolewa, na kompyuta ilikuwa inawaka bila kufika popote.

Nilichomeka flashi yangu, ile yenye mfumo mzima wa uokoaji ndani yake, unaowasha kompyuta hata kama mfumo wake wenyewe umevurugika. Ukawaka vizuri. Nikatafuta diski. Kipande kimoja kidogo kilifunguka, kina vitu vya kuwashia tu. Kile kikubwa kikakataa. Nilipokibofya tena yakatokea maandishi kwamba aina yake haijulikani, LVM na nini sijui. Nikayafunga kabla sijamaliza kuyasoma. Nyuma yangu walisimama binti mwenyewe na shangazi zake, na mezani kulikuwa na chai yangu na chapati. Nilihisi macho yao mgongoni.

"Hii iko tupu," nikasema. "Hakuna kitu kiliwekwa hapa."

Mdomo wangu huu. Hata ningesema diski imeharibika, ingekuwa afadhali. Mimi nikasema hakuna kitu kiliwekwa, tena kama mtu aliyeona.

Binti hakulia. Alisema polepole, "Kumbe baba alikuwa ananituliza tu, kama mutoto," akaingia chumbani. Mama yake akanifungia chapati nyingine za njiani. Nilizila zote.

Baadaye sana ikaja kompyuta ya hoteli moja ya watalii upande wa Mweya, ina ugonjwa uleule. Meneja wake alikuwa mtu wa maswali. "Usiniambie imekufa," alisema. "Niambie imeandika nini." Basi nikasoma. Kwa meneja wa watalii nilisoma, neno kwa neno, lakini kwa mjane wa Bwera sikusoma. Nikiandika hivi uso unanichoma.

Kumbe hiyo LVM ni mpango wa kuunganisha diski hata mbili zikawa kama ghala moja, kisha ghala lile likagawanywa vyumba. Mfumo wa flashi yangu hauvioni vyumba hivyo mpaka uviamshe. Nyumbani kwetu tunakodi kishamba cha mpunga Mubuku, penye mradi wa umwagiliaji. Maji yamejaa mferejini, lakini usipofungua lango mpunga wako utakauka, na huwezi kusimama pale ukasema mto umekauka. Amri yenyewe ni fupi, vgchange -ay. Ukishaiandika, vyumba vinajitokeza na majina yao, unavipachika kwenye mfumo wa flashi, unasoma. Nilipomaliza, chai yangu ilikuwa bado moto.

Kesho yake nikaenda Bwera, njia nzima naomba kompyuta ile isiwe imeuzwa. Ndoa ilikuwa imeshapita, binti amekwenda kwa mumewe ng'ambo ya mpaka, Kasindi. Kompyuta ilikuwa chini ya meza, imefunikwa kitenge.

"Hajati, naomba niiangalie tena," nikasema.

"Si ulisema iko tupu?"

"Nilisema."

Akavuta kiti nikae. Heri angenitukana.

Nikachomeka flashi, nikaandika amri, na vyumba viwili vikatokea. Kimoja kiliitwa "harusi". Humo ndani, kati ya harusi za watu wengine, kulikuwa na folda yenye jina la binti yao. Nikaifungua. Mzee akatokea, amevaa kanzu na kofia, ameegemea mito. Akakohoa, akafuta mdomo, akasema, "Mwanangu, kama unaniona, basi leo iko siku yako."

Hajati alikaa chini. Ndipo akaniambia nisilolijua. Asubuhi ya ndoa wakubwa wa ukoo walimtaka binti aende kwanza kaburini kumwombea baba yake, kama wanavyofanya kwao. Binti akakataa. Alisema hawezi kumwombea mutu alimudanganya.

Akachukua simu, akampigia. "Mutoto wangu, maneno ya baba yako yameonekana. Mashine ilikuwa mugonjwa, sasa fundi ameiponya." Alisema hivyo huku akiniangalia. Alikuwa ananisitiri. Ningenyamaza tu, ningetoka pale nikiwa shujaa, nimefungiwa chapati pia.

Nikaomba simu.

"Dada, kosa si la mashine," nikasema. "Siku ile sikuangalia vizuri. Sikujua, nikasema tu."

Nilikuwa nangoja anitukane, na nilitaka anitukane. Akasema, "Weka simu karibu naye."

Nikaishika karibu na spika, nikaanzisha video upya. Mzee akakohoa tena, akafuta mdomo, akaanza. Kabla hajafika mbali nikasikia binti anaongea kwenye simu, nikaisogeza sikioni nikidhani ananiita. Hakuwa ananiita mimi.

"Baba, unisamehe," alikuwa anasema. "Baba, unisamehe."

Nikairudisha simu kwenye spika, nikaendelea kuishika.