Machozi Yangu Yamo Kwenye Ratiba ya Wageni

Mwandishi wa barua hii anaishi Songea. Majina yamebadilishwa kwa ombi lake.

Wakubwa zangu shikamooni, wadogo hamjambo. Mimi ni mama wa miaka hamsini na minne, mjane, mkazi wa hapa Songea mjini. Nilisoma mpaka darasa la nne tu, lakini la nne la wakati ule, kwa hiyo barua hii naiandika kwa mkono wangu mwenyewe. Nina watoto wanne na hakuna aliyenitia aibu mtaani. Nyumba yangu ina sakafu ya saruji, makochi yana vitambaa nilivyofuma mimi, na samaki mbasa nikimpika, hata wanaotoka Ziwa Nyasa kwenyewe wanauliza nimemtia nini. Nasema haya mjue anayewaandikia si mtu wa kulialia ovyo.

Mwanangu wa kwanza, nimwite Osmundi, alikuwa na kazi nzuri kwenye shirika la umma Dar es Salaam. Shirika lilipouzwa, wakapunguzwa. Wenzake walirudi kulima, wangu hakukaa kitako. Alisema siku hizi kila mtu ana ruhusa ya kufanya biashara yake, akaungana na rafiki yake, wakaanza kuleta Wazungu kupumzika Songea mwisho wa wiki. Wanashuka na ndege ndogo Ijumaa, Jumamosi asubuhi wanaona makumbusho ya Majimaji, wanapita sokoni, wanatazama ngoma ya lizombe, mchana wanakula kwangu, Jumapili wanaondoka. Kwangu, si hotelini. Niliutangazia mtaa mzima.

Kundi la kwanza lilikuwa watu sita. Baada ya kula, mama mmoja wa makamo aliuliza, Osmundi akatafsiri, baba mwenye nyumba yuko wapi. Nikawaeleza. Mume wangu alikuwa dereva wa lori la tumbaku, mtu wa utani, hakuwahi kuninyanyulia mkono. Siku ya mwisho ya ugonjwa wake aliniomba togwa anywe. Nikamwambia asubiri kidogo, naichuja. Niliporudi na bakuli alikuwa ameshakwenda. Jamani, hapo nililia. Yule mama akapiga magoti akanikumbatia, naye analia. Alipoondoka aliniachia skafu yake. Niliivaa kanisani Jumapili tatu mfululizo, siwafichi.

Kundi la pili, Osmundi mwenyewe ndiye aliyeniambia niwasimulie habari za baba. Nikasimulia, nikalia. La tatu hivyo hivyo, ila safari hii alitaka niandae na togwa, wageni waionje. Nilidhani ni mapishi tu. Nilifurahi hata.

Halafu binti yangu akaja likizo. Yuko chuo cha ualimu, Kiingereza anakisoma kama anakunywa maji. Akaokota karatasi iliyosahauliwa na mgeni kwenye kochi, akaisoma kimya, uso ukambadilika. Nikamwambia anisomee, akasema haina maana. Nikamwambia ada ya kukufundisha hicho Kiingereza nililipa mimi, soma. Ilikuwa ratiba ya Jumamosi. Saa saba, chakula cha asili nyumbani kwa mjane. Saa nane, wageni wanapewa togwa, mama anasimulia kifo cha mumewe. Chini yake: "Hapa mama hulia. Picha zinaruhusiwa."

Ndugu zangu, nilimwambia arudie kusoma. Nikamkumbuka baba mmoja wa kundi la tatu, mwenye kamera, aliyesogeza kiti chake mapema, hata sijafika kwenye habari ya ugonjwa. Alikuwa anajua. Wote walikuwa wanajua, wamekaa wananingoja nichemke kama sufuria. Na mimi ile siku nilikuwa nimechagua kitenge kizuri. Hilo ndilo linalonitia kinyaa zaidi, najinukia mwenyewe.

Osmundi alipokuja nikamwekea karatasi mezani. Hata hakuona haya.

"Mama, kwani hulii kweli? Nani amekulazimisha? Machozi ni yako. Mimi nimeyapangia saa tu."

Nilitema mate sakafuni mbele ya mwanangu, jambo ambalo sijalifanya tangu nimzae. Naye akaendelea kunieleza kwa upole, kama anayemwelewesha mtoto, kwamba wageni wanasimuliana habari zangu huko kwao, kwamba bila mimi Songea kwao ni milima na soko, na kwamba wanawe wanasoma kwa kazi hiyo hiyo. Kama sitaki, mama jirani yuko tayari.

Mama jirani! Mumewe yuko hai, kila jioni yuko kwenye pombe ya ulanzi. Nikamfuata kumuuliza. Akacheka.

"Mwenzangu, huyu wangu nikimfikiria tu nalia kukushinda wewe uliyefiwa."

Na mimi, mbele ya Mungu, niliona wivu. Niliona wivu kwamba wageni watakaa kwenye viti vyake vya mbao.

Mwezi uliopita tulikuwa na misa ya kumkumbuka marehemu, kisha tukaenda kaburini. Wifi yangu akaanza kulia kwa sauti. Machozi yakanijia nami, na kabla hayajashuka nikajikuta nageuza uso upande wenye mwanga. Hapakuwa na mgeni wala kamera, palikuwa na ndugu tu na nyasi. Nikajiona, na macho yakakauka hapo hapo. Wifi akaninong'oneza, "Umeshamsahau kaka yangu?" Tangu siku ile sijaweza kumlilia mume wangu, hata nikiwa peke yangu chumbani.

Kundi jingine linakuja mwisho wa mwezi ujao na Osmundi anataka jibu. Nikikataa namvunja mwanangu, na nilimlea asiwe wa kuomba. Nikikubali, sijui huyo nitakayekuwa nikimlilia atakuwa nani. Ninyi mlio wazazi na mlio wajane, msinione mjinga, niambieni ukweli hata kama unauma: mtoto ni wangu na marehemu ni wangu, nimnyime yupi?